Nani alimupa? Uhalali wa mamlaka, na ile kesi ya "demokrasia ni ya bazungu"

Ilikuwa kilio, komine ya Kenya hapa Lubumbashi, usiku wa pili. Mama mjane na wamama wengine wako ndani kwenye magodoro, sisi wanaume tuko nje chini ya turubai, viti vya plastiki, munkoyo (kinywaji chetu) kwenye bidoni, na kama unajua vilio vya kwetu, saa sita ya usiku ikishapita watu wanachoka kulia wanaanza politike. Kijana mmoja wa jirani akashika maneno: "Demokrasia ni kitu ya bazungu, siye haitufae, muangalie Chine, muangalie Singapore, muntu moja anaamuru, bantu banatumika, inchi inaendelea." Wengi wakaitika. Baba mukubwa wangu alikuwa amefunga macho, mi nilidhani amelala kumbe anasikia yote, akauliza tu: "Huyo muntu moja mwenye anaamuru, nani alimupa?"

Kijana akasema, alimupa nini?

"Bulopwe."

Ni neno la Kiluba, ule utakatifu wa kutawala. Watu wakacheka, halafu wakanyamaza kidogo, halafu mtu akabadilisha maneno akaanza mpira. Lakini lile swali lilinibakia kichwani, na nimeona niliandike hapa maana kila siku tunabishana juu ya demokrasia, sijui Afrika, sijui wazungu, na nusu ya ubishi ni kwa sababu tunachanganya maswali matatu tofauti tunayafunga kama ndizi kwenye kikapu kimoja.

Tuanze na uhalali wenyewe. Uko njiani, bariere, askari anakuomba franka 1,000, unatoa. Umetii, ndiyo. Ila hakuna mtu atasema yule askari ana mamlaka juu yako, ana bunduki tu, siku hana bunduki utapita bila kumsalimia. Sasa chukua mzee wa avenue yenu, hana kitu, hata baiskeli hana, anapita asubuhi anasema kila nyumba itoe mtu na jembe tufungue mtaro kabla ya mvua, na unatoka, unanung'unika lakini unatoka. Ile tofauti njo uhalali. Ni ile hali ambayo mtu anaamuru na wewe, hata kama hupendi, moyoni unaona kwamba ana haki ya kuamuru. Mjerumani Max Weber, aliyekufa 1920, alisema haki hiyo watu huwa wanaikubali kwa njia tatu, kwa desturi (ndivyo ilivyokuwa tangu mababu), kwa mvuto wa mtu mwenyewe (nabii, shujaa wa vita), ao kwa sheria na ofisi. Inasaidia, ila Weber anaeleza tu kwa nini watu wanaamini, haulizi kama wanafanya vizuri kuamini. Watu wanaweza kuamini mwizi.

Kwa hiyo mi naona bora tuulize maswali ya kilio. La kwanza ni lile la baba mukubwa, nani alikupa? La pili, unatupa nini, yani tangu umeketi hapo, barabara, shule, bukari (ugali), usalama, viko wapi? Na la tatu ambalo watu wanalisahau kabisa, ukizidisha, nani atakuambia basi?

Demokrasia inajibu hasa swali la kwanza: walikupa wananchi, kwa kura. Uliberali ni kitu kingine, unajibu la tatu. Wengi huku wakisikia hilo neno wanafikiri ni uhuru wa kila mtu kufanya anavyotaka, ao kuuza migodi kwa wageni, ao mambo ya ndoa ambayo mapadri wanayahubiri kila Jumapili. Mzizi wake ni mdogo kuliko hayo. Mwingereza John Locke, kwenye maandiko yaliyotoka mwisho wa 1689, alisema utawala ni amana, umewekeshwa tu, una mpaka, na kuna vitu vya mtu ambavyo mtawala hawezi kuvigusa hata akitaka, na akivunja ile amana wenyewe wanaichukua. Ni hilo tu. Kwa hiyo unaweza kuwa na kura bila uliberali, kama hapa kwetu 1970, rais Mobutu mgombea peke yake, karatasi ya kijani ni matumaini, nyekundu ni fujo, chagua. Na unaweza kuwa na uliberali bila demokrasia: Ubelgiji ilitunga 1831 katiba iliyosifiwa Ulaya nzima kwa uhuru wake, magazeti huru, dini huru, mfalme amefungwa mikono, lakini waliopiga kura walikuwa wanaume wachache wenye kulipa kodi kubwa. Mfanyakazi wa kiwanda cha Liège hakuwa na kura zaidi ya babu yangu.

Sasa swali lenyewe: hili la mpaka, ni la wazungu?

Waluba wana hadithi ambayo watoto wa Katanga wengi waliisikia hata kama walisahau nusu. Kulikuwa na Nkongolo Mwamba, mwekundu kama upinde wa mvua, mwenye nguvu, mkatili. Anakula mbele ya watu, anacheka kwa sauti, anakunywa mpaka analala chini. Akaja mwindaji kutoka mashariki, Mbidi Kiluwe, mtu wa adabu, anakula amejificha, hacheki hovyo. Akazaa na dada ya Nkongolo mtoto anaitwa Kalala Ilunga. Nkongolo akamwogopa huyo mpwa wake, akachimba shimo, akasimamisha mikuki ndani, akalifunika kwa mkeka, akamwita aje acheze ngoma pale juu. Mpiga ngoma akamwonya kwa midundo, Kalala akaelewa, akaruka akakimbia kwa baba yake, akarudi na jeshi, na Nkongolo akakatwa kichwa.

Ukiisoma haraka ni hadithi ya vita tu, mwenye jeshi ameshinda. Lakini angalia vizuri wanaoisimulia wanataka useme nini. Nkongolo alikuwa na nguvu tangu mwanzo, tatizo lake siyo nguvu, tatizo lake alikuwa hana bulopwe, hana ule utakatifu wa kutawala, na unaoneshwa na nini? Na adabu, na kujizuia. Mfalme anayekula mbele ya watu ni mfalme asiyejua kujizuia. Na mpiga ngoma, huyu mimi nampenda kuliko wote, ni mtumishi wa mfalme, analishwa na mfalme, na bado ameona kuna mpaka.

Na haikuwa hadithi tu. Kulikuwa na chama cha Mbudye, watu waliopanda ngazi kwa ngazi mpaka kuijua historia ya ufalme, wanaisoma kwenye lukasa, kibao cha mbao chenye shanga, kidole kinapita juu ya shanga na mdomo unataja wafalme, mipaka, makatazo. Hao walikuwa wanamtukuza mfalme na wakati huohuo wanamshika, maana anayejua namna wafalme wa zamani walivyopaswa kukaa anaweza pia kusema huyu wa leo hakai vizuri. Hakuna korti ya katiba pale, sitaki tudanganyane, lakini swali la tatu lilikuwa na mwenyewe.

Ukienda upande wa Walunda ni namna hiyohiyo kwa rangi nyingine. Mzee Nkond aliwanyima ufalme watoto wake wa kiume kwa sababu walimpiga, wamelewa, wamekosa heshima, akaipa bangili ya lukanu kwa binti yake Ruweej. Yani hata damu ya moja kwa moja haikutosha, tabia iliangaliwa. Na Walunda walipopanuka mpaka Angola na Zambia, kwa sehemu nyingi hawakuwafuta waliowakuta, wenyeji wa udongo walibaki na madaraka ya udongo, kuuombea, kuugawa, na shefu Mlunda akabaki na ushuru na kesi kubwa. Mamlaka mawili kijiji kimoja. Mobutu alipenda sana kuuliza, mmeona wapi kijiji chenye mashefu wawili, mmoja ni wa upinzani? Watu wanapiga makofi. Mzee, nenda Lunda ukaone.

Simaanishi kwamba mababu walikuwa waliberali. Kulikuwa na watumwa, kulikuwa na wanawake wanaolipwa kama fidia ya kesi, na kulikuwa na watu kama M'siri, mfanyabiashara aliyetoka upande wa Unyamwezi katikati ya karne ya 19, mwenye bunduki na misafara ya pembe na shaba, akajenga mji wake wa Bunkeya kwa akili na kwa woga, mpaka mwisho Wasanga walimwasi, na msafara wa Leopold, mfalme wa Ubelgiji, ulimkuta tayari ametikisika ukamwua tarehe 20 Desemba 1891. Ninachosema ni kwamba lile swali halikuletwa na meli.

Sasa meli ilileta nini? Hapa njo watu wanapotea zaidi.

Tunasema "bazungu walituletea demokrasia ikashindwa". Hawakuileta. Huko Berlin 1885 waliandika biashara huru kwenye bonde lote la Kongo, maneno matamu ya kiliberali kabisa, na Leopold akapokelewa kama mlinzi wa huo uhuru. Miaka michache tu, udongo wote uliohesabiwa kuwa hauna mwenyewe ukawa mali ya Leta (serikali) yake, pembe na mpira vikawa vyake, na watu wakaita ile Leta kwa jina walilompa Stanley, Bula Matari, mvunja mawe. Ubelgiji ilipochukua koloni 1908 ikaandika sheria maalumu kwa Kongo ili ile katiba yao nzuri ya 1831 isivuke bahari. Na hawakuona aibu, kwa sababu waliberali wenyewe walikuwa wameshawatengenezea udhuru: John Stuart Mill, Mwingereza aliyetetea uhuru wa mtu kuliko wote, aliandika 1859 kwamba mafundisho yake hayawahusu mataifa ambayo "hayajakomaa", hao watawaliwe kwa mkono wa chuma ili wakomae. Mtu huyo kazi yake ya maisha ilikuwa ofisini kwa kampuni iliyotawala Uhindi. Kwa hiyo mtu wa Kinkondja ao wa Sandoa akisema uliberali ni uongo wa wazungu, ana sababu, ameonja upande wa nyuma.

Kama umewahi kuingia kwenye sebule za wazee wa hapa, Katuba, Kamalondo, labda uliona ile picha ya "Colonie belge", wachoraji wa Lubumbashi waliichora mara nyingi sana miaka ya 1970. Gereza, bendera ya Ubelgiji, mfungwa amelazwa chini anapigwa fimbo, mzungu anasimama anaangalia, na anayepiga ni polisi mweusi. Watu walinunua hiyo wakaitundika juu ya meza ya kulia. Mi nikiwa mtoto sikuelewa kwa nini mtu ale bukari akiangalia fimbo. Sasa naona ilikuwa somo la politike kuliko vitabu vingi. Sheria iko, ofisi iko, bendera iko, hata utaratibu wa kuhesabu viboko uko. Kitu kimoja hakiko, yule aliyelala chini hana mtu wa kumwambia basi.

Na kuna uharibifu mwingine hauonekani kwenye picha. Kuanzia dekreti ya 1891 Leta ikaanza kutambua mashefu, ikawavalisha medali. Shefu wa medali. Zamani shefu akizidisha wazee wanamkalia, kijiji kinahama usiku kinamwacha na nyumba tupu. Sasa akizidisha, kuna askari wa Leta nyuma yake, na kijiji hakiwezi kuhama kwa sababu kuna kitabu cha sensa. Akina Mbudye walibaki na shanga zao, shefu akajibu kwa mzungu siyo kwa wazee. Mwanachuoni wa Uganda Mahmood Mamdani ameeleza jambo hili kwa makoloni mengi ya Afrika, kwamba kile tunachokiita leo "desturi" mara nyingi ni desturi iliyovuliwa breki. Kwa hiyo ukisikia mtu anatetea utawala wa mkono mmoja kwa jina la mila, muulize mila ya mwaka gani.

Tuje kwa Singapore ya yule kijana, maana nisimdharau, hoja yake ina uzito. Lee Kuan Yew alikuwa waziri mkuu kuanzia 1959 mpaka 1990, alibana magazeti, alibana wapinzani, na alitoa, nyumba, maji, kazi, ofisi zisizokula rushwa. Huo ni uhalali wa swali la pili: usiniulize nani alinipa, angalia ninachokupa. Ila sisi watu wa Lubumbashi hatuhitaji kwenda Asia kuuona. Tulikuwa na kampuni ya migodi, Union Minière, halafu Gécamines. Kampuni inakupa nyumba kwenye kambi, inakupa posho ya unga kila mwezi, mke wako anazaa kwenye hospitali yake, mtoto wako anasoma shule yake, ndoa yako inaangaliwa kama unakunywa sana. Wazee wanasema mpaka leo kampuni ilikuwa baba na mama. Hakuna aliyempigia kura huyo baba. Na alipoulizwa juu ya mshahara, Desemba 1941, wafanyakazi waliogoma walipigwa risasi kwenye uwanja wa mpira hapahapa mjini, lakini posho iliendelea na watu wakakaa.

Halafu posho ikakatika. Katikati ya miaka ya 1980 Gécamines ilikuwa inatoa zaidi ya tani 450,000 za shaba kwa mwaka, miaka ishirini baadaye ni makombo, na 2003 wakapanga ile "departi volontere", yani kuacha kazi kwa hiyari, watu 10,655 wamepewa bahasha na kuambiwa kwaheri, wengine walikuwa wanadai miezi na miezi. Hiyari gani, walikuwa na njaa. Shida ya uhalali wa posho njo hii, siyo kwamba ni mbaya, kula ni kitu kikubwa, shida ni kwamba siku inapungua huna karatasi yoyote mkononi. Haukuwa mwenye haki, ulikuwa mtoto wa baba, na baba amekufa. Singapore ina bahati posho haijakatika.

Kwa swali la kwanza sasa, kura, hapa mji wetu una historia ambayo mi nadhani haisimuliwi ya kutosha. Mara ya kwanza kabisa mtu mweusi wa Kongo kupiga kura ilikuwa Desemba 1957, miji mitatu tu, Léopoldville, Élisabethville yani hapa, na Jadotville yani Likasi. Kuchagua wakubwa wa komine. Na hapa wengi walioshinda kwenye komine za weusi walikuwa watu waliotoka nje ya Katanga, hasa Kasai, kwa sababu Union Minière na reli walikuwa wameleta wafanyakazi wa Kasai miaka na miaka na wengi walikuwa wamesoma. Kura ya haki kabisa kwa hesabu. Chini ya mwaka mmoja, Oktoba 1958, ikazaliwa CONAKAT, chama cha "wenyeji halisi wa Katanga", Tshombe baadaye akakiongoza, na Julai 1960 Katanga ikajitenga.

Soma hapo taratibu. Kura inasema mamlaka yanatoka kwa wananchi. Sawa. Wananchi ni nani? Kura haiwezi kujibu hilo, kwa sababu kabla ya kupiga kura lazima uwe umeshaamua nani anaingia kwenye msitari. Wanafalsafa wamelihangaikia swali hili miaka mingi, na sisi tulilipata siku ya kwanza ya darasa. Kasai yenyewe upande wa kusini ikajitenga vilevile, na 1961 Albert Kalonji akajivisha cheo cha Mulopwe, bulopwe ileile ya Kalala Ilunga, imetolewa kabatini ikavalishwa leta ya almasi. Haikumaliza mwaka 1962.

Na 1992. Sipendi kuandika juu ya 1992 lakini makala haya bila 1992 ni ya uongo. Kongamano la Kitaifa huko Kinshasa, lililofunguliwa Agosti 1991, lilikuwa linatafuta namna ya kuweka mpaka kwa Mobutu, na Agosti 1992 likamchagua Étienne Tshisekedi, Mluba wa Kasai, kuwa waziri mkuu. Huku Shaba (jina la Katanga wakati ule), gavana Kyungu wa Kumwanza na chama cha UFERI walikuwa wanahubiri Katanga ya Wakatanga. Nyumba zikachomwa, watu waliozaliwa hapa, ambao baba zao walizaliwa hapa, wakaitwa bilulu, wadudu, wakalala kwenye stesheni za Likasi na Kolwezi wiki na wiki wakisubiri treni ya kwenda Kasai wasikoijua. Mamia ya maelfu. Watoto walikufa pale stesheni. Waliofanya vile walikuwa na jibu zuri la swali la kwanza, sisi ni wenyeji, mababu walitupa. Walikuwa wengi pia, kwa kura wangeshinda. Kilichokosekana ni kile kitu kidogo cha Locke na cha mpiga ngoma, kwamba kuna vitu vya mtu, nyumba yake, mwili wake, haki ya kukaa alipozaliwa, ambavyo wengi hawawezi kuvigusa hata wakikubaliana wote.

Ndiyo maana mi nikisikia "uliberali haufai jamii zetu kwa sababu sisi ni watu wa pamoja" nauliza, pamoja na nani? Uhindi ilipokuwa inatunga katiba yake, kulikuwa na wengi waliotaka kijiji kiwe msingi wa taifa, kijiji cha mababu, cha pamoja. Aliyekataa ni B. R. Ambedkar, mwenyekiti wa kamati ya kuandika, na Novemba 1948 aliwaambia waziwazi kwamba kijiji ni shimo la ujinga na ubaguzi, na alifurahi kwamba rasimu imemchukua mtu mmojammoja kuwa msingi. Ambedkar alizaliwa kwenye tabaka la "wasioguswa". Alijua kijiji kinafananaje ukikiangalia kutoka chini. Hakuyapata hayo kwa Mill tu, aliyapata kwenye kiu ya utotoni, shuleni alikuwa haruhusiwi kugusa chombo cha maji. Kwa hiyo uliberali nje ya Ulaya mara nyingi haubebwi na wanaopenda wazungu, unabebwa na yule ambaye "sisi" ya nyumbani imemkalia.

Kuna waliojaribu kuunganisha. Botswana ndiyo inatajwa daima, na siyo bure. Wana kgotla, baraza la kijiji, mtu yeyote anasimama anasema mbele ya kgosi (shefu), na wana msemo kwamba kgosi ni kgosi kwa sababu ya watu. Waliposhika uhuru 1966 hawakumpa kgosi serikali, walimpa baraza la ushauri na kesi ndogondogo, udongo wakauhamishia kwenye bodi, na serikali ikawekwa kwenye kura. Chama kilekile kilishinda miaka 58, watu wakaanza kusema hiyo siyo demokrasia, halafu Oktoba 2024 kikashindwa, rais akakubali, akatoka. Hakuna risasi. Wanawake pale kgotla kwa muda mrefu walikaa kimya, hilo nalo liandikwe.

Sisi tuna katiba ya Februari 2006, na kifungu cha 207 kinatambua mamlaka ya kimila, kwa sharti kwamba desturi isipingane na katiba, sheria, wala adabu ya jamii. Ni sentensi nzuri. Kifungu cha 64 kinampa kila Mkongomani wajibu wa kumpinga anayechukua mamlaka kwa nguvu. Nzuri sana. Halafu kwenye uchaguzi wa 2018 maaskofu walipeleka waangalizi karibu 40,000 kwenye vituo vya kura, wakatoka wakasema walichokiona hakilingani na kilichotangazwa, na mambo yakaisha hivyo, kila mtu akarudi kazini. Nani aliambiwa basi pale? Karatasi inajibu maswali yote matatu, njiani bado ni bariere.

Nirudi kwenye kilio maana sikumaliza kusimulia. Siku ya tatu, baada ya kuzika, familia tulikaa kikao. Ndugu za marehemu walitaka funguo za nyumba. Desturi ya kwetu, nyumba ni ya ukoo, mjane atarudi kwao ao atachukuliwa na mdogo wa marehemu, ndivyo ilivyokuwa. Code de la famille (sheria ya familia) ya 1987 inasema vingine, robo tatu ya urithi ni ya watoto, na mjane ana haki ya kukaa nyumba waliyoishi na mume wake. Kila mtu pale ndani anaijua hiyo sheria. Hakuna aliyeitaja.

Aliyekuwa ameshika funguo ni baba mukubwa. Yeye njo mkubwa wa ukoo sasa. Akaanza kueleza pole pole, kwa heshima, kwamba nyumba itakaa mikononi mwa ukoo, na shemeji yetu hatatupwa, tutamwangalia, sisi ni watu siyo wanyama. Wanaume tukaitika. Mimi pia niliitika, niandike ukweli.

Binti mkubwa wa marehemu alikuwa amekaa chini karibu na mlango. Akaja mbele, akapiga magoti, akapiga makofi mawili madogo kama inavyotakiwa. Usiku ule mwingine alikuwa anatupitishia munkoyo, nadhani alisikia.

"Baba mukubwa," akasema, "murudie kidogo. Hizi funguo, nani alikupa?"

Hakuna aliyemgombeza. Baba mukubwa alimwangalia, akaangalia funguo, akaziweka juu ya meza, siyo mkononi mwa binti, siyo mfukoni mwake, juu ya meza, akasema anatafuta kofia yake, akatoka nje. Mpaka saa nne ya usiku kofia ilikuwa haijaonekana na funguo zilikuwa pale.